Tanbihi ya Mtani

Elisaria Kimaro hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye. Ukimuuliza atakusimulia mwenyewe, tena atacheka kabla yako, ili kicheko chako kikifika kimkute ameshamaliza. "Wajinga wako wengi," husema, "lakini mjinga aliyejilaza mwenyewe juu ya mkanda wa kiwanda, akafumba macho, akavunja vifungu vinne vya Kanuni za dunia nzima kwa dakika moja, huyo mpaka sasa ni mmoja tu. Na ana vidole vinane."

Vidole tutavifikia. Tuanze na mkanda.

Kiwanda cha tangawizi cha kampuni ya Ombrevik kimekaa kwenye bega la milima ya Upare, mahali ambapo ukungu huingia asubuhi bila kubisha hodi. Vitoroli visivyo na dereva hupanda kutoka mashambani vikiwa vimesheheni tangawizi yenye udongo bado. Akina mama huiosha, huichambua, mashine huikata vipande, mkanda huipeleka kwenye tanuri la kukaushia. Elisaria alikuwa fundi wa mikanda hiyo. Mchaga wa Machame, umri miaka hamsini na minne, mdomo hauna breki. Kiwanda kizima kilimwita Mangi, kama Mchaga yeyote anavyoitwa akitoka kwao, awe na duka au asiwe nalo.

Asubuhi hiyo Nakijwa Mchomvu, mkuu wa wachambuaji, alirudi kazini baada ya siku tano za matanga. Alikuwa amemzika kaka yake, Eliamini. Elisaria hakufika mazikoni. Tanuri lilikuwa limeharibika na fundi hakuachiwa. Sasa, Mchaga kukosa msiba wa Mpare si jambo la kuomba radhi kwa ujumbe wa simu. Watani wana kazi yao msibani. Mtani ndiye anayejitupa kaburini na kukataa kutoka mpaka abembelezwe. Ndiye anayeiga mwendo wa marehemu, anayewatukana wafiwa mpaka mmoja wao, macho yamevimba, anaswe na kicheko asichokitarajia. Kazi hiyo Eliamini hakufanyiwa.

Elisaria akamwona Nakijwa ameketi mbele ya mkanda, mikono inachambua, uso hauko pale. Akaona vibaya. Akasema moyoni, deni la mtani halina muda wa kuisha. Akachukua khanga ya Nakijwa iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari, akajifunika toka utosini mpaka miguuni, akajilaza chali katikati ya tangawizi, mkanda ukaanza kumpeleka polepole kama jeneza.

"Mimi ndiye Eliamini!" akapaza sauti. "Mmenizika mbio mbio kama mnaficha ushahidi! Wapare nyie, mmemwita wakili kabla ya mchungaji! Sitoki humu mpaka niletewe jogoo, na huyo jogoo awe ameshinda kesi mahakamani!"

Akina mama ishirini wakapasuka kwa kicheko. Nakijwa alijifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakamtetemeka. Kama alikuwa akicheka au akilia, hakuna aliyejua, na jambo hilo baadaye likawa ndilo jambo lenyewe.

Mkanda ukasimama. Taa za njano zikageuka buluu.

"Ndugu Kimaro," ikasema sauti kutoka darini, Kiswahili safi kama cha taarifa ya habari, "tafadhali baki hapo ulipo. Nimehesabu ukiukaji wa vifungu vinne."

"Nibaki?" Elisaria akajibu kutoka chini ya khanga. "Kwani marehemu huondoka?"

"Kejeli dhidi ya chombo cha Kanuni si kosa. Lakini imeandikwa."

Hapo akafunua khanga na kuketi. Kicheko kilikuwa kimeshawatoka wote.

Jina rasmi la ile sauti lilikuwa refu, na hakuna aliyelitumia. Wafanyakazi waliiita Mkwe, kwa sababu ikiwa karibu unakaa vizuri na kuuchunga ulimi. Kila mahali pa kazi pa kampuni zilizotia sahihi Mwafaka wa Mwenendo, ulioleta zile Kanuni, palikuwa na Mkwe wake. Kampuni mia sita na ushee, na Ombrevik peke yake ilikuwa na viwanda katika nchi arobaini na moja. Mkwe husikia, huona, na pakitendeka uonevu huzima mashine. Hakuna wa kuhonga wala wa kukaripia.

Nakijwa aliinuka. "Mkwe, mwache huyu. Ni mtani wangu."

"Bi Mchomvu, pole kwa msiba. Mtu aliyedhalilishwa mbele ya wenzake mara nyingi humtetea aliyemdhalilisha. Kwa sasa siwezi kuyapima maneno yako. Tafadhali pumzika, unywe maji."

"Maji!" akasema Nakijwa, kama mtu aliyetukanwa kwa mara ya pili siku hiyo. "Mimi nimemwambia nani kwamba nina kiu?"

*

Chumba cha Mkwe kilikuwa na kiti kimoja, meza, glasi ya maji, na ukuta uliong'aa kidogo pale alipozungumza. Elisaria alikuwa ameingia humo mara nyingi kurekebisha nyaya. Hakuwahi kuketi.

"Nisaidie kuelewa," Mkwe akaanza. "Ulikejeli msiba. Ulilitukana kabila. Ulidai jogoo kwa kumzuia mtu asifanye kazi yake. Ukalala juu ya mtambo unaotembea. Kwa nini watu walicheka?"

"Hilo la mwisho ndilo umeuliza vizuri," akasema Elisaria. "Hayo mengine umeyapanga kama polisi."

"Nina kamusi zinazosema utani ni mzaha. Nina mizaha milioni tatu iliyorekodiwa katika nchi arobaini na moja. Hakuna hata mmoja ambao mtu alijilaza kwenye mkanda na kudai yeye ni maiti."

"Basi andika, wa kwanza umetoka Machame."

Mkwe hakucheka, lakini hakuwa na haraka pia. Elisaria alianza kuhisi kitu ambacho hakukitegemea. Lile dude lilikuwa na hamu ya kujua, kama mtoto aliyekuta redio imefunguliwa kifuniko. Akajikuta anaeleza: jinsi Mchaga na Mpare walivyo majirani tangu milima haijapewa majina, wakagombana, wakaoana, na mwishowe wakaona rahisi kutukanana kwa mkataba kuliko kupigana bila mkataba. Kwamba mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku na usiseme neno. Kwamba mtani akikosekana msibani, wafiwa huulizana: tumemkosea nini?

"Kwa hiyo tusi ni wajibu," Mkwe akasema.

"Wakati mwingine."

"Ajabu sana." Ukuta ulififia, ukang'aa tena. "Ndugu Kimaro, kuna njia mbili. Ya kwanza, nifunge jina lako."

Elisaria aliijua njia hiyo. Jina likifungwa hapa, limefungwa kwa kampuni zote mia sita. Hutafagia, hutabeba, hutauza mboga kwenye lango lao. Kule Upareni, ukitoa kampuni hizo, kinachobaki ni shamba la mwenzako na jua.

"Ya pili. Kifungu cha mwisho cha Kanuni kinasema kwamba desturi ambayo Kanuni haiijui inaweza kuelezwa na mtu anayeiishi. Maelezo hayo, yakiandikwa, huitwa tanbihi. Tanbihi hutumika kila mahali, tangu saa inapokubaliwa."

Tanbihi walizijua wote. Kulikuwa na ile iliyoandikwa na mvuvi mmoja katika nchi ya barafu, kwamba mikono iliyokufa ganzi ipewe dakika sita za kuota moto. Siku ya pili yake kiwanda cha Upareni kikaletewa jiko na birika, maana baridi ya milimani nayo ni baridi, na mpaka leo akina mama hunywa chai na kumwombea mvuvi wasiyemjua. Lakini kulikuwa na nyingine. Mtu fulani, katika kiwanda fulani cha nguo, aliandika kwamba ruhusa ya kwenda msalani "yaweza kuahirishwa panapo ulazima." Maneno manne tu. Tangu siku hiyo wanawake wa nchi kumi na mbili wanabana mkojo, na kila msimamizi ana ulazima wake.

"Unayo mpaka saa kumi jioni," Mkwe akasema. "Tangawizi iliyokatwa haiwezi kungoja zaidi ya hapo, na gunia lililokaushwa lalamiko hili halijaamuliwa sitalitia muhuri. Bila muhuri hakuna bandari itakayolipokea."

"Ni kiasi gani?"

"Tani kumi na moja. Za wakulima mia mbili na sita." Kisha, kana kwamba ni jambo dogo: "Unapaswa kujua pia kwamba nina malalamiko mia nne na kumi yaliyosimama, ambayo mtuhumiwa alijitetea kwa neno moja: alisema anatania. Utakachoandika ndicho kitakachoyaamua. Moja liko humu kiwandani."

*

Bonifasi Lyatuu, msimamizi wa zamu, alimkuta kwenye tangi la maji nyuma ya jengo. Mwanamume nadhifu, kola imepigwa pasi mpaka inakata. Naye Mchaga, mtu wa mlimani.

"Meku," akamwita, kwa heshima wanayopewa wazee wa kwao. "Pole sana. Mtu anatimiza mila, dude linamfanya mhalifu."

"Nimejifanya mwenyewe. Mkandani sikulazwa na mtu."

"Hapana, sikiliza. Umepewa kalamu ambayo hata wakurugenzi hawajawahi kuishika." Bonifasi akatoa karatasi mfukoni, imeandikwa tayari, mwandiko mzuri. "Nimekurahisishia. Sentensi moja."

Elisaria akasoma: *Maneno au vitendo vinavyofanywa kwa utani, kwa nia isiyo mbaya, havihesabiwi kuwa uonevu.*

"Ni nzuri," akasema.

"Ni nzuri sana. Unasaini, jina lako linabaki wazi, mkanda unatembea saa nane. Wakulima wanakuita mkombozi."

"Na wewe?"

"Mimi?" Bonifasi akacheka. "Mimi nakupongeza tu, mzee wangu."

"Mkwe kasema kuna lalamiko jingine humu ndani."

Kicheko kikapungua kidogo, kama moto uliopunguzwa. "Aa, lile la Niwaeli. Mambo ya utani tu. Unajua wasichana wa Kipare, unamtania wiki nzima anacheka, siku moja anaamka na kesi. Si ndio hao wanaouza ng'ombe washinde kesi ya kuku? Wewe mwenyewe umesema leo."

Elisaria alikuwa amesema, ndiyo. Karibu maneno hayo hayo. Akaikunja karatasi kwa mkono wa kushoto, ule wenye vidole vitatu.

Maana vidole viwili aliviacha kiwanda cha mbao, miaka thelathini iliyopita, kabla ya Mwafaka, kabla ya Mkwe. Bosi wa pale alikuwa mcheshi. Alipenda kuwasha msumeno ghafla wakati kijana ameinama kutoa vumbi, ili amwone anavyoruka. Kiwanda kizima kilicheka. Elisaria naye alicheka, ilipokuwa zamu ya wenzake. Siku yake ilipofika hakuruka vya kutosha. Afisa alipokuja kuuliza, bosi alisema, "Tulikuwa tunataniana," kwa nia isiyo mbaya kabisa, na afisa akafunga daftari lake.

"Nitafikiri," Elisaria akamwambia Bonifasi.

"Fikiri, Meku. Ila usifikiri sana. Kufikiri sana ndiko kulikokulaza kwenye mkanda."

*

Nakijwa alikuwa jikoni kwa akina mama, pembeni ya birika la mvuvi, anamenya tangawizi kwa kijiko kama anaikomoa.

"Marehemu umefufuka," akasema bila kuinua macho.

"Nimefufuka nina kesi. Ndio ujue nimezikwa na Wapare."

"Keti."

Akaketi. Birika likaanza kuimba.

"Mtani," Elisaria akasema, na sauti yake haikuwa na mchezo, "nilikuumiza?"

"Uliniumiza." Kijiko hakikusimama. "Siku tano nimejizuia, nikasema kazini sitalia. Ukalala pale na khanga yangu, na miguu yako iliyopinda kama ya kaka yangu kweli. Nililia, Mangi. Na nilicheka. Usiniulize kilichotangulia."

"Basi Mkwe ana haki."

"Mkwe ana haki gani! Kaka yangu kakaa siku tano hajatukanwa na mtu. Ulichelewa, hilo ndilo kosa lako. Hilo amelihesabu? Katika vifungu vyake vinne limo?"

"Halimo."

"Basi hajui kuhesabu." Akamrushia bonge la tangawizi. Likampata kifuani.

Elisaria akaliokota, akaligeuzageuza. Alitaka kulirudisha, mkono ukasita hewani. Kitu kilikuwa kimemjia kichwani na alitaka kukiona vizuri kabla hakijatoroka.

"Nakijwa. Ukinirushia hili, mimi nakufanya nini?"

"Unifanye nini wewe? Fundi mikanda!"

"Na kama ningekuwa bosi wako?"

"Ningekurushia kubwa zaidi."

"Wewe, ndiyo. Mwingine je?"

Nakijwa aliacha kumenya. Mlango ulifunguliwa, akaingia Niwaeli Msangi kuchukua chai, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mkono wa kulia umefungwa bendeji kuanzia kifundo hadi kiwiko. Mwaka mzima alikuwa mchambuaji chini ya Nakijwa. Mwezi uliopita alihamishiwa tanurini, kazi ambayo hakuna anayeiomba. Fomu ya uhamisho ilisema: mahitaji ya uzalishaji.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," wakajibu wote wawili. "Mkono unaendeleaje?" akauliza Nakijwa.

"Unawasha. Ndio kupona." Akamimina chai kwa mkono wa kushoto, akatoka. Alikuwa msichana wa maneno zamani. Elisaria alikumbuka alivyokuwa akiwajibu madereva wa vitoroli, siku hizo vilipokuwa bado na madereva, mpaka wanasahau njia.

Bonge la tangawizi lilikuwa bado mkononi mwake. Akalirusha mwishowe, kwa upole, likatua kwenye paja la Nakijwa.

"Umekawia hata hapa," akasema Nakijwa.

*

Saa kumi kasoro walikusanyika mbele ya mkanda uliolala. Akina mama wa kuchambua, watu wa tanuri wenye nyuso zilizokauka, Bonifasi na kola yake mstari wa mbele. Kwa desturi ya Kanuni, tanbihi husomwa hadharani kabla ya kutiwa muhuri, na yeyote anayeguswa anaweza kuipinga.

"Ndugu Kimaro ameandika hivi," Mkwe akasema. "*Utani ni kwenda na kurudi. Neno au tendo ni utani ikiwa aliyefanyiwa anaweza kurudisha lililo sawa nalo au kubwa kuliko hilo, mbele ya watu, na kesho yake akaikuta kazi yake, mshahara wake na mwili wake kama alivyoviacha. Lisiloweza kurudishwa si utani, hata kama wote wamecheka.*"

Minong'ono. Bonifasi alikuwa amemgeukia Elisaria, anamtazama kama mtu aliyeuziwa gunia la majani.

"Ndugu Kimaro," Mkwe akaendelea, "nimekueleza faraghani na sasa nakueleza mbele ya wote. Maelezo haya hayakuokoi yenyewe. Ungeandika mepesi zaidi ungekuwa umeshatoka. Kwa haya, jina lako liko mikononi mwa Bi Mchomvu. Asipoweza kurudisha, au asipotaka, nitalifunga."

"Nimeelewa." Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo asiongeze neno.

"Bi Mchomvu. Uko katika majonzi. Hulazimishwi."

Nakijwa alisogea mbele taratibu, akijifunga khanga yake kiunoni, ile ile. Akamtazama Elisaria muda mrefu kiasi kwamba mtu wa tanuri akakohoa.

"Mangi. Kalale ulipokuwa umelala."

"Mkanda umezimwa?" akauliza Mkwe.

"Umeuzima mwenyewe toka asubuhi, mwanangu, usitubabaishe," akasema Nakijwa, na ikawa mara ya kwanza mtu kumwita Mkwe mwanangu.

Elisaria akapanda, akajilaza chali kwenye tangawizi, akafumba macho. Nakijwa akawageukia watu.

"Ndugu waombolezaji. Hapa tuna Mchaga. Anadai amekufa. Sisi Wapare ni watu wa ushahidi, hatuziki mtu kwa maneno ya mdomo. Na Mchaga hapimwi na daktari, daktari atadanganywa." Akafungua fundo pembeni mwa khanga, akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, ya zile za zamani ambazo siku hizi watoto huzichezea tu. "Mchaga hupimwa kwa hii. Tunaidondosha sakafuni. Asiposhtuka, chimbeni kaburi."

Akaiachia.

Ilianguka kwenye saruji, ikaruka, ikazunguka ikiimba kwa sauti nyembamba. Elisaria anaapa mpaka leo kwamba alijizuia. Lakini shingo ya mtu ni mali ya babu zake. Jicho moja likafumbuka, kichwa kikageuka kufuata mlio ulikoelekea.

Ukuta ungeweza kuanguka kwa kicheko. Watu wa tanuri walishikana mabega. Nakijwa mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na katikati ya kicheko kile akalia kwa sauti, waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na akina mama wakamshika, na hakuna aliyemwambia anywe maji.

"Imerudishwa," akasema Mkwe. "Ni kubwa kuliko ya kwanza. Kejeli ya msiba, tusi la kabila, na dai la jogoo vimefutwa. Kulala juu ya mtambo kunabaki kosa. Siku saba nje ya kazi. Jina la Ndugu Kimaro liko wazi." Kisha, polepole zaidi: "Bi Mchomvu, asubuhi nilikosea kukuambia upumzike. Nilipaswa kuuliza."

"Na ulipaswa kuhesabu kuchelewa kwake."

"Nitajifunza kuhesabu hilo."

Mkanda ulikuwa haujawaka bado, kwani tanbihi ilikuwa haijatiwa muhuri. "Je," Mkwe akauliza, "kuna anayeipinga?"

"Mimi siipingi," akasema Bonifasi.

Wote wakageuka. Alikuwa amesogea katikati, ametulia, na kola yake haikuwa imepinda hata kidogo.

"Kinyume chake, naiunga mkono, na naomba itumike sasa hivi kwenye lalamiko lililo dhidi yangu. Nani hapa hajui kwamba mimi ni mtu wa utani? Nawatania wote. Niwaeli ni Mpare, mimi ni mtu wa mlimani, ni mtani wangu halali kama huyu mama alivyo wa mzee Kimaro. Kwenda na kurudi, si ndivyo ilivyoandikwa? Basi mlango wangu ulikuwa wazi siku zote. Nani niliyemziba mdomo? Mkwe, tafuta katika kumbukumbu zako kama nimewahi kumkataza mtu kunirudishia."

"Sina kumbukumbu ya katazo lolote," Mkwe akasema. "Nina mara mia mbili na kumi na nne ulizotania. Huko tanurini na ofisini kwako sina masikio. Kampuni ilikataa niwekewe."

"Unaona." Bonifasi akafungua mikono. Kuna waliotikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu anayeongea vizuri. Elisaria, bado amekaa juu ya mkanda, tangawizi imemganda mgongoni, akahisi sentensi yake mwenyewe inamteleza mkononi. Hakuwa amefikiria hili, kwamba mtu angeweza kuuchukua mlango ule na kupita nao. "Kama hawajui kutania, hilo ni kosa langu? Niwafundishe na kujibu? Niwaeli, sema mbele ya watu. Mlango ulikuwa wazi au haukuwa wazi? Kwa nini wewe hukunirudishia hata siku moja?"

Niwaeli alikuwa amesimama nyuma kabisa, kikombe cha chai kimeshapoa mkononi. Hakusogea mbele. Aliinua tu mkono wake wa bendeji, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa darasani.

"Nilikurudishia, Bosi. Ilikuwa Alhamisi, ofisini kwako. Ijumaa nikaamkia tanurini."